Kiingilio, Chama na Kijana: Masharti ya Mashindano ya Ngoma katika Historia ya Kariakoo

Tangazo la mashindano ya kucheza muziki kwa vijana, kama yale yanayobandikwa kwenye kuta za Mtaa wa Msimbazi na mitaa jirani ya Kariakoo, lina umbo ambalo wasomaji wamelizoea kiasi cha kutolitazama. Hutajwa umri wa washiriki, idadi ya wachezaji katika kundi, siku na mahali pa usaili, namna ya kuchukua fomu, mavazi yanayokatazwa, na mwisho zawadi. Yote hayo huitwa "vigezo na masharti", na watangazaji wa redio wameyasoma kwa kasi kubwa hata msemo "vigezo na masharti kuzingatiwa" umegeuka kuwa mzaha wa mitaani.

Katika taaluma ya Kiswahili, ngoma imechunguzwa zaidi kwa upande wa nyimbo zake: mafumbo, majibizano, vijembe na tungo za sifa. Masharti ya kuingia ngomani aghalabu yameachwa, pengine kwa kuwa hayana utamu wa ushairi. Huo ni upungufu. Sharti ni matini kamili. Lina mwenye kuliweka, mwenye kulitii na adhabu ya anayelivunja; nalo, kuliko wimbo, huonyesha jamii ilimtambua nani kuwa mwenzake na ilimfungia nani mlango. Mhadhara huu unayafuata masharti hayo katika Kariakoo tangu Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kupitia maneno matatu: chama, kiingilio na kijana. Dai lake ni kwamba sehemu muhimu ya msamiati ambao watu wa Tanganyika waliutumia kudai uhuru ilikuwa imekwisha kuzoezwa katika viwanja vya ngoma, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kualikwa katika kikao chochote cha lugha wala cha siasa.

Mji wa wageni

Jina Kariakoo lenyewe ni ushahidi wa namna mji ulivyojaa. Baada ya Waingereza kuitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko lilifanywa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita. Watu waliyatamka maneno hayo mawili kwa kufuata silabi wazi za Kiswahili, wakayapa irabu ya mwisho, likapatikana jina. Nairobi nako kikosi hichohicho kiliacha jina la Kariokor, ambalo halikulainishwa kiasi hicho. Mwaka 1923 jengo lilianza kutumika kama soko. Upande wa mashariki serikali iliacha ukanda wazi wa Mnazi Mmoja ili kuutenga mji wa Waafrika na ule wa Wahindi na Wazungu, na ukanda huo ukawa, kinyume cha nia ya walioupima, uwanja wa watu kukutana.

Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227 katika Dar es Salaam. Ile ya 1957 ikahesabu 128,742. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu katika miaka tisa ni mji wa wageni, na wageni wenyewe aghalabu walikuwa vijana. Wazaramo na Washomvi walikuwa na makaburi na mashamba yao karibu. Mmanyema, Mnyamwezi, Mngoni au Myao aliyeshuka kutoka bara alihitaji watu wa kumpokea, kumuuguza na, ikilazimu, kumzika. Katika hali hiyo swali la nani anaruhusiwa kuingia katika ngoma gani halikuwa la mchezo.

Yafaa kukumbuka kwamba ngoma nyingi hazikuwa na mlango kabisa. Mdundiko wa Wazaramo hutembea barabarani, na yeyote apendaye huufuata. Watoto wengi wa Dar es Salaam wameonywa na mama zao wasiufuate, kwa kuwa mwisho wake ni kujikuta mtaa usioujua, jua limekwisha kuchwa. Kwa upande mwingine, ngoma za jando na unyago zina mlango mwembamba sana: asiyepitia hapati hata kusikiliza. Vyama vya mashindano vilikuja kukaa katikati ya ncha hizo mbili. Mgeni aliweza kuingia, lakini kwa sharti.

Marini na Arinoti

Beni ilianza katika pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, ikaenea kwa kasi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa miguu ya askari na wapagazi. Jina linatokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji waliiga gwaride, sare, tarumbeta na vyeo vya kijeshi. Katika Tanganyika vyama viwili vilishika nchi nzima, Marini na Arinoti. Marini ilijinasibisha na jeshi la majini na ilivuta zaidi watu wa pwani, makarani na wenye kazi za heshima. Arinoti ilijulikana kuwa ya watu wa chini zaidi, wengi wao wa kutoka bara. Kila chama kilikuwa na kingi wake na majenerali wake, na wanawake walikuwa na safu yao ya vyeo. Matawi yaliandikiana barua kutoka mji hadi mji, na mwanachama wa Arinoti wa Tabora aliyefika Dar es Salaam alipokewa na Arinoti wa Dar es Salaam.

Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, aliwajibu wale waliodharau beni kuwa ni kuiga tu mambo ya Wazungu. Alionyesha kwamba chini ya sare mpya kulikuwa na desturi ya zamani ya pwani ya mitaa miwili kushindana kwa ngoma, karamu na matumizi ya mali. Jibu hilo ni sahihi. Linahitaji kuongezewa upande wa lugha, kwani kilichoigwa na kilichorithiwa vinatenganishwa vizuri zaidi na maneno. Vyeo vingi vya beni vilikuwa vya mkopo, kama kingi na jenerali. Maneno ya uanachama hayakuwa ya mkopo. Chama, kiingilio na mashindano ni ya Kibantu, na adhabu ya kukosa haikuhitaji neno la kigeni zaidi ya faini. Kwa maneno mengine, watu walikopa mavazi ya mamlaka. Utaratibu wa kukaa pamoja walikuwa nao.

Neno chama lastahili kutazamwa kwa makini. Katika matumizi ya zamani lilitaja kikundi cha watu waliofungamana kwa shughuli fulani, na katika miji ya pwani shughuli iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa ngoma. Wanawake wa lelemama walikuwa na vyama. Wanaume wa beni walikuwa na vyama. Kutokana na neno hilo likaja mwanachama, ambalo kwa asili ni mwana wa chama. Mwana hapa si mtoto wa kuzaliwa bali mtu wa mahali, kama katika mwananchi, mwanamaji na mwanafunzi. Mgeni asiyekuwa mwana wa mtu yeyote katika mji aliweza, kwa kutimiza masharti, kuwa mwana wa chama.

Sharti la kwanza lilikuwa kiingilio. Neno hili limejengwa kutokana na kitenzi ingilia kwa kiambishi ki- na irabu tamati -o, muundo unaotaja chombo au njia ya kutendea: kiingilio ni kile ambacho mtu huingilia nacho. Malipo ya aina hii yalikuwepo kabla ya beni. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza ada nyingi zilizotolewa katika ngoma, harusi, mafunzo na kupewa cheo. Aliyetaka daraja alilipa, na aliyelipa alipata haki ya kula kutoka kwa watakaolipa baada yake. Kwa hiyo kiingilio hakikuwa bei ya kutazama. Kilikuwa bei ya kuwa mmoja wao.

Sharti la pili lilikuwa utii. Aliyechelewa, aliyekosa sare, aliyemtukana kiongozi wake au aliyekwenda kucheza upande wa pili alitozwa. La tatu lilikuwa kushindana. Neno mashindano linatokana na shinda, kitenzi chenye maana zinazoonekana kuwa mbali: kumpita mwenzako, na kukaa mahali mchana kutwa. Watu walioshinda uwanjani wakishindana huenda hawakuona umbali huo. Mashindano ya beni yaliweza kuendelea kwa siku kadhaa, na chama kilichoishiwa na chakula cha kuwapa wageni kilikuwa kimekwisha kushindwa, hata kama wachezaji wake walikuwa hodari.

Hapo hapakuwa na meza ya waamuzi. Aliyeshinda ni yule aliyevuta watu. Hali hiyo haikuwa ya pwani peke yake. Miongoni mwa Wasukuma, pande mbili za Bagika na Bagalu huchezea sehemu mbili za uwanja mmoja, na umati unapohamia upande mmoja hukumu imekwisha kutolewa. Sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, imeuhifadhi utaratibu huo. Umati ni hakimu mgumu, kwani hasomi sharti lolote. Lakini umati una haki moja ambayo majaji hawana: hauulizi mchezaji ana umri gani.

Kutoka uwanjani kwenda ofisini

Mwaka 1929 wafanyakazi na makarani wa Dar es Salaam waliunda African Association. Mwaka uliofuata, 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili kwa kutumia lahaja ya Unguja, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Taasisi hizi mbili zimeandikwa sana. Kinachosahaulika ni kwamba zilizaliwa wakati vyama vya ngoma vilikuwa tayari na uzoefu wa kuchagua viongozi, kukusanya ada, kutunza mfuko wa mazishi na kufukuza wakorofi, yote kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekuwa amekisanifisha. Kamati iliweka sawa tahajia ya maneno. Kazi ambayo maneno hayo yalifanya mjini ilikuwa imekwisha kuwekwa na wengine.

TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, iliitwa chama, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa neno hilo. Ilikuwa na wanachama, kiingilio, ada na kadi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na aliyekuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU mwaka 1955, hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja; aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Susan Geiger, aliyeandika historia ya wanawake wa TANU kwa kuwahoji wenyewe, alionyesha kwamba vikundi hivyo vilikuwa tayari vimewaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali chini ya uongozi wao wenyewe. Mwanamke wa Kariakoo aliyekuwa amewahi kulipa kiingilio cha ngoma, kuvaa sare ya doti moja na wenzake na kutii kiongozi aliyemchagua, hakuwa na jambo geni la kujifunza kuhusu uanachama. Wasomi waliosema kwamba wanawake hao waliletwa katika siasa kutoka jikoni hawakuwa wamewahi kuona orodha ya michango ya lelemama.

Inawezekana kulikuza dai hili kupita kiasi. Vyama vya ngoma havikuwa shule za demokrasia. Vyeo vingi vilinunuliwa, na wengi walifilisika kwa kutaka sifa. Hata hivyo, msamiati hausafiri peke yake. Neno linapohama kutoka uwanjani kwenda ofisini hubeba pamoja nalo mazoea ya wale waliolitumia. Katiba ya Chama Cha Mapinduzi imeendelea kuwataka wanachama walipe kiingilio na ada, maneno mawili ambayo Mtoro bin Mwinyi Bakari angeyaelewa bila mkalimani.

Koti, tai na gauni

Wakati beni ikipoteza wafuasi wake miongoni mwa wasomi wa mjini, sharti jipya liliingia. Kuanzia miaka ya 1930 vijana wenye elimu ya shule walianza kukutana katika klabu za dansi, Tanga kwanza na Dar es Salaam baadaye kidogo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. Walicheza foksitroti, wozi na baadaye rumba, na klabu za mji mmoja zilizialika za mji mwingine kushindana. Kiswahili kikagawa uwanja mara mbili: ngoma upande huu, dansi upande ule. Tofauti haikuwa katika kuruka wala katika ala tu. Ngoma ilichezwa uwanjani, dansi ndani ya ukumbi. Na ukumbi una mlango, mlango una mlinzi.

Mlinzi huyo hakuuliza mtu ni wa chama gani. Alitazama nguo. Koti na tai kwa mwanamume, gauni na viatu kwa mwanamke, ndivyo vilivyokuwa kiingilio halisi hata kabla fedha haijatolewa. Emily Callaci, katika uchunguzi wake wa kumbi za dansi za Tanganyika katika miaka ya mwisho ya ukoloni, ameonyesha jinsi mavazi na adabu ya ukumbini vilivyokuwa njia ya Waafrika kudai heshima mbele ya serikali iliyowanyima. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini sharti linalomheshimu aliye ndani humdhalilisha aliye nje, na waliokuwa nje walikuwa wengi zaidi. Kijana aliyeshinda akibeba magunia sokoni hakuwa na koti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukumbi wa Arnautoglu, uliopewa jina la mfadhili wake, George Arnautoglu, ulifunguliwa penye Mnazi Mmoja kuwa kituo cha starehe na mafunzo kwa Waafrika. Serikali iliona dansi ya ndani kuwa salama kuliko ngoma ya nje, ambayo ilihitaji kibali na kuwakusanya watu wasiohesabika. Katika miaka hiyohiyo J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya mji mwaka 1956, aliwaona vijana wasio na kazi waliovaa kwa kuiga sinema za mashujaa wa farasi wa Marekani. Mji uliwaita wahuni. Neno mhuni lilikuwa limemaanisha mtu asiye na makao wala familia, mzururaji. Katika miaka hiyo likakaza maana yake ya mtu wa kufukuzwa mjini, na serikali ya kikoloni iliwafukuza kweli, ikiwarudisha mashambani kwa nguvu za sheria. Sharti la mavazi katika dansi lilikuwa, pamoja na mambo mengine, namna ya kijana kuonyesha kwamba yeye si mhuni.

Klabu zilizoanzishwa mwishoni mwa muongo huo zilirudisha kidogo desturi ya mwana wa chama. Kilwa Jazz ya 1958 na Western Jazz ya 1959, hii ya pili ikiwa na mizizi yake miongoni mwa watu wa Jimbo la Magharibi, zilikuwa za watu wa kwao waliokutana mjini. Bendi zilizofuata zilishindana kwa mtindo: Nuta Jazz kwa msondo, Mlimani Park, iliyoundwa 1978, kwa sikinde, jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo. Mchezaji aliyesimama ukumbini bila kujua mtindo wa bendi inayopiga alionekana mgeni hata akiwa amevaa vizuri.

Uhuru uliligeuza sharti la mavazi juu chini. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere alilalamika kwamba waliosoma walijua dansi za kigeni ilhali wachache walizijua ngoma za kwao, akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tazama jinsi maneno mawili, utamaduni na vijana, yalivyowekwa katika jina moja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, na vijana wa kiume. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulikataza muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo mlinzi alimzuia kijana kwa kutokuwa na vazi la kigeni. Sasa alizuiwa kwa kuwa nalo. Katika hali zote mbili mwili wa msichana ulikaguliwa kwa ukali zaidi, na katika hali zote mbili aliyeandika sharti alikuwa mwanamume.

Kijana ni nani?

Neno kijana lina mzizi uleule wa mwana. Mzizi wa Kibantu -jana, wenye maana ya mtoto, umetoa mwana kwa kiambishi mu- na kijana kwa kiambishi ki- cha udogo. Kiasili, basi, kijana ni mtoto mdogo, ingawa maana imepanda ngazi na mtoto mdogo wa leo haitwi kijana. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili neno hili halitaji miaka. Linataja nafasi: mtu mwenye nguvu, asiyekuwa bado na kauli barazani. Mwanamume wa miaka arobaini aliyekaa na wazee huambiwa, "Wewe kijana, lete maji," naye huinuka. Msichana aliyetoka unyagoni na kuolewa alihesabiwa kuwa mtu mzima hata akiwa na miaka kumi na sita.

Fomu ya mashindano haiwezi kuishi na maana kama hiyo. Inadai tarakimu. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, kama Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006, humtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Umoja wa Mataifa kwa takwimu zake hutumia 15 hadi 24. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, inamtaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Matokeo yake ni kwamba mchezaji wa miaka 16 anayetoka Mtaa wa Msimbazi ni kijana kwa sera na ni mtoto kwa sheria, na waandaaji makini humdai barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Asiye na kitambulisho cha taifa atahitaji barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha makazi yake. Swali la zamani limerudi kwa mlango wa nyuma: nani anakujua hapa mjini? Anayelijibu sasa ni mwenyekiti wa mtaa na mhuri wake, si kingi wa Arinoti.

Mabadiliko mengine yako katika majina ya watu wa mashindano. Anayeingia haitwi tena mshindani bali mshiriki. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, lina upole: linamweka mtu katika shughuli ya mwingine. Mshindani alikuwa na upande; mshiriki ana namba kifuani. Anayeamua haitwi hakimu, ambaye ni wa mahakama, wala mwamuzi, ambaye mpira wa miguu umemchukua. Huitwa jaji, neno ambalo liliwahi kuwa la Mahakama Kuu peke yake. Katika mashindano ya disko ya miaka ya 1980 bado kelele za ukumbi ziliweza kumshinda mwenye kipaza sauti. Katika mashindano ya televisheni, kama Dance 100% ambayo kituo cha EATV kiliendesha katika miaka ya 2010 kwa makundi ya vijana, jaji huketi, huandika alama na hueleza sababu zake. Vijana wameyapokea maelezo hayo kwa heshima, na kuna haki ndani yake: kundi lisilo na jamaa wengi wala fedha za kulisha umati linaweza kushinda kwa ustadi. Beni haikutoa nafasi hiyo.

Aidha, mashindano ya makundi yameendelea kuwa shughuli ya watu wa mtaa mmoja, wenye jina walilojipa, sare waliyochangia na kiongozi anayewatoza faini wanaochelewa mazoezini. Masharti haya ya ndani hayaandikwi kwenye fomu yoyote. Mtafiti wa lugha anayetaka kuyapata itambidi ayasikilize, na ayasikilize kabla kundi halijavunjika, kwani makundi ya vijana hayadumu. Mmoja huoa, mwingine hupata kazi ya lori, wa tatu huhamia kundi la pili na kuitwa msaliti, kama alivyoitwa aliyetoka Marini kwenda Arinoti.

Imebaki fedha. Katika beni mchezaji ndiye aliyelipa, na mtazamaji alitazama bure, tena alilishwa. Katika dansi wote wawili walilipa mlangoni. Katika mashindano yenye wadhamini mshiriki aghalabu huchukua fomu bure na kutazamia zawadi, ilhali mtazamaji hulipa, ama penye lango ama kwa ujumbe wa simu anapompigia kura ampendaye. Kura nayo ni neno lililokuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kubahatisha kabla ya kuwa na maana ya kuchagua. Kwa mzungumzaji wa Kariakoo leo, kiingilio ni bei iliyoandikwa kwenye tiketi ya mpira au ya tamasha. Anayeuliza kiingilio ni shilingi ngapi anataka kuingia na kutoka usiku huohuo. Maana ya zamani, ya malipo yanayomfanya mgeni kuwa mwana wa mahali, imebaki katika katiba za vyama vya siasa, vya ushirika na vya kuzikana, na kwa wazee wachache wa mitaa ya Msimbazi ambao bado husema juu ya mtu fulani kwamba ngoma ile aliicheza, lakini kiingilio chake hakukimaliza kulipa.